Ruaha na mama wa miaka 68: tulale ndani ya hifadhi au Tungamalenga?

MtuWaUyole

Wakuu salama? Poleni na majukumu. Naombeni ushauri hasa nyie mlioko Iringa au mnaoijua Ruaha vizuri, maana mwenzenu nimezaliwa Mbeya nimekulia Mbeya na hiyo hifadhi naisikia tu kwenye redio.

Iko hivi. Mama yangu mzazi ana miaka 68, ni mkulima wa mpunga kule Ubaruku, Mbarali. Mwaka huu mavuno yamekubali kidogo nikamuuliza mama nikufanyie nini, nikitegemea ataniambia bati au godoro, akaniambia nipeleke nikaone tembo. Nikacheka. Akasema usicheke, mimi tembo nimekutana nao utotoni, watu wanapiga madebe usiku kucha wanawafukuza shambani, sijawahi kuwaangalia hata siku moja kwa sababu nilikuwa nakimbia, sasa nataka niwaangalie nimekaa.

Basi ndo nikaanza kuulizia. Loji moja ya ndani ya hifadhi nikawaandikia wakanijibu bei kwa dola, nikajua hiyo ni ya familia nzima kumbe ni kichwa kimoja usiku mmoja, nikazima simu nikanywa maji.

Maswali yangu: kuna sehemu ya kulala ndani ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kumudu au nilale tu vijijini huko nje, Tungamalenga, niwe naingia asubuhi? Noah yangu inafika? Siku moja inatosha? Mama magoti yanamsumbua na nitakuwa na mke na watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 4, huyu wa 4 hakai chini hata kwa kufungwa kamba. Nafikiria mwezi wa nane mwishoni au wa tisa mwanzoni shule zikiruhusu. Natanguliza shukrani.

DerevaWaVumbi

Kamwene kaka. Mimi niko Iringa mjini, kazi yangu ni kubeba wageni kwenda Ruaha, huu mwaka wa 11, kwa hiyo nakujibu kama dereva, sina loji wala sina hisa kwenye loji ya mtu.

Kwanza usitoke Mbeya ukategemea kuingia hifadhini siku hiyohiyo. Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na malori ya ile barabara kuu ya TANZAM unayajua, mzee atafika amekunjika. Lala Iringa. Kesho yake mnaondoka alfajiri, mnapita Kalenga pale kwenye makumbusho ya Mkwawa, mnakwenda Idodi, Mapogoro, Tungamalenga, halafu geti. Jumla kama kilomita 130 kutoka mjini na sehemu kubwa ni vumbi, weka masaa matatu ukienda kistaarabu.

Sasa nikwambie kosa la watu wetu wengi. Wanachanga hela wanakodi Coaster, wanaondoka mjini jua limeshatoka, wanafika getini saa 5 asubuhi wakati mnyama mwenye akili zake ameshalala kivulini, wanazunguka mbio na muziki mpaka saa 10 jioni, wanaona twiga na swala pala, wanarudi wanasema Ruaha haina wanyama. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000 ile, ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote nchini mpaka Hifadhi ya Nyerere ilipotangazwa mwaka 2019, utaimaliza kwa Coaster kwa siku moja? Mama yako kasema anataka kuangalia amekaa. Kaka, huyo mama ameshajua kazi yangu kuliko wateja wangu nusu. Wanyama wa kiangazi wanafuata maji, maji yako sehemu chache zinajulikana, wewe unatafuta kona ya mto yenye kivuli, unazima injini, unakaa. Wanakuja wenyewe.

Kulala: kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe ndani ya hifadhi, kando ya mto, mengine ya zamani ya duara mengine mapya yana choo ndani, na bei ya Mtanzania ni ya Mtanzania siyo ile ya dola uliyoandikiwa. Chakula unabeba, jiko lipo. Piga simu mapema maana mwezi wa saba mpaka wa kumi yanajaa. Na hesabu iko hivi, ada ya kuingia ni ya masaa 24. Ukiingia saa 8 mchana ukalala ndani ukatoka kesho yake kabla ya saa 8, umepata jioni nzima na asubuhi nzima kwa ada moja, na hizo ndizo saa wanyama wanatembea. Mara ya mwisho nimewalipia watu wa kwetu 5,900 mtu mzima na mtoto 2,360 VAT ikiwemo, chini ya miaka mitano bure, mzungu hapohapo analipa dola 30 kabla ya VAT. Gari nalo linalipiwa. Hela taslimu getini hawapokei, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo weka salio ukiwa mjini maana mtandao huko unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi.

Noah kufika Msembe kiangazi inafika, nimeziona. Lakini ukishafika utabaki barabara kubwa tu, kule kwenye makorongo ya mchanga, Mwagusi na Mdonya, Noah inazama mpaka tumboni na kushuka kuisukuma hauruhusiwi ovyo maana unayemsukumia gari hujui nani anakuangalia. Iache Iringa, kodini Land Cruiser yenye paa la kufunguka na dereva wake, mkiwa sita gharama inagawanyika.

MamaPacha_Gangilonga

Mimi nitampinga dereva kidogo japo ni mtu wetu. Sisi tulilala nje, Tungamalenga, tukaenda na watoto mapacha wa miaka mitano na sikujuta. Kambi za pale kijijini ni nafuu, kuna mtu anakupikia, wali na kuku unaletewa, mtoto anakimbia uwanjani mpaka achoke. Ndani ya hifadhi hakuna uzio jamani, huyo wako wa miaka 4 asiyekaa chini utamfunga na nini? Kutoka pale mkiamka saa 11 alfajiri saa 12 geti linafunguliwa mko hapo.

Halafu nikupe tahadhari ya nyani. Tuliingia kupumzika eneo moja la kulia chakula, mume wangu kaweka begi mezani kageuka kuchukua chupa ya chai, dume moja la nyani limeshuka mtini wala halikukimbia, limetembea kama mwenye mali, likashika zipu kwa vidole viwili likaivuta mpaka mwisho, likatoa mkate, likaangalia siagi likaiacha, likaondoka. Zipu, narudia. Watoto mpaka leo wakicheza wanaiga lile dume. Kwa hiyo chakula chote ndani ya gari na vioo juu.

Na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wa kule wanapenda hizo rangi, utaona hata vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa mitini, ile ni mitego yenye dawa. Mimi nilivaa jinzi, nilijuta, wanachoma juu ya nguo.

Darubini tafuteni hata ya kuazima, hata ndogo. Bila darubini mnagombana, huyu anasema simba yule anasema jiwe.

Kichuguu

dereva hapo kwenye kusukuma gari umenichekesha "hujui nani anakuangalia" 😂😂

Matamba_Juu

MtuWaUyole ndugu yangu, nakuheshimu lakini una Kitulo hapo juu ya kichwa chako unaenda kuchoma mafuta mpaka Iringa na mzee wa magoti? Bustani ya Mungu hiyo. Unatoka Mbeya unakuja Chimala, unapanda zile kona zetu Hamsini na Saba mpaka Matamba, umefika. Hifadhi tangu 2005, kilomita za mraba 412.9 tu, hakuna wa kukufukuza, unatembea kwa miguu yako kwenye maua, aina zaidi ya 350 za mimea na katika hizo orkidi 45. Baridi tu ndo ujipange, ni mita 2,600 kule.

Na kuna yule nyani wetu kipunji ambaye dunia nzima haijamjua mpaka 2005 wakati wazee wa Rungwe walikuwa wanamsimulia tangu zamani.

MtuWaUyole

@Matamba_Juu kaka Kitulo nimeshaenda mara mbili na wanafunzi, ni kuzuri mno sibishi, lakini maua ni masika Desemba mpaka Aprili, mimi naenda Septemba nikamuonyeshe mama majani makavu? Halafu kaomba tembo. Nikimpeleka kwenye orkidi ataniuliza hivi vikanda, yaani ile mizizi yake ya kuliwa, mnauza bei gani Zambia.

@MamaPacha asante sana dada, jinzi nimeshaiondoa kwenye orodha. @DerevaWaVumbi sasa kaka, mama magoti yale, na bila uzio, usiku akitaka kutoka je? Na tembo akija karibu na gari tunafanyaje, maana mama atataka kupiga kelele, ndo alivyozoea.

DerevaWaVumbi

Dada MamaPacha sijakataa Tungamalenga, nimelala sana pale. Ila ukilala nje unakosa usiku. Na usiku wa Ruaha ndiyo nusu ya pesa yako. Hauendi popote, gari haziruhusiwi kuzurura gizani, unakaa kibarazani unasikiliza. Kiboko anatoka mtoni kula, unasikia majani yanakatwa, kwaru, kwaru, hatua tano kutoka dirishani kwako na humuoni. Fisi mbali. Simba akiunguruma ng'ambo ya mto watu waliokuwa wanaongea siasa wananyamaza wenyewe.

Kwa mzee chukua banda lenye choo ndani, mambo ya kutoka yanaisha. Mkitaka kwenda jikoni au kwenye gari giza likishaingia mwiteni askari, ana tochi, anamulika kwanza ndo mnapita. Huyo wa miaka 4 ikifika saa 12 jioni anaingia ndani, hakuna mjadala, mwambieni kabisa mapema.

Tembo. Sikiliza hapa vizuri. Akitanua masikio akainua kichwa akatikisa, anakuambia nimekuona, kaa mbali, hapo unatulia tu au unarudi nyuma polepole. Akilaza masikio nyuma akakunja mkonga chini ya kifua akaja kimya, hiyo siyo salamu, hapo dereva anaondoka na ndo maana nasema dereva awe mzoefu na gari lielekezwe upande wa kutokea. Msipite katikati ya mama na mtoto. Kelele hapana. Mwambie bibi madebe ayaache Ubaruku.

Kusoma porini siyo uchawi. Ukiona swala pala wote wamesimama wanaangalia upande mmoja na mmoja anakoroma puani, usiangalie swala, angalia wanakoangalia. Tumbili akipiga kelele juu ya mti bila kuacha, kuna chui au simba chini. Tai wakishuka mmoja mmoja kwa haraka sehemu moja, kuna mzoga. Mkikuta tandala fungueni macho, Ruaha ina tandala mkubwa na mdogo wote wawili, palahala na korongo, wale swala wakubwa, wapo pia ukibahatika upande wa miombo, ni wachache nchi hii wanaowaona. Kifaru msitegemee, Ruaha waliisha zamani kwa ujangili.

MwanaIdodi

Nasoma hapa natabasamu. Sisi wa Idodi hatulipi 5,900 kuona tembo, tembo wanakuja kutuona sisi, tena wanakuja mahindi yakikomaa.

Naongea bila ubaya ndugu zangu. Mwaka jana nimelala juu ya kichanja shambani usiku nyingi kuliko nilizolala na mke wangu, na tochi na pilipili. Tunachanganya pilipili na oili chafu tunapaka kwenye vitambaa tunafunga kwenye kamba kuzunguka shamba, wengine wanaweka mizinga ya nyuki, inasaidia siku kadhaa mpaka mmoja mkorofi ajifunze. Nakumbuka dume moja lilisimama pembeni ya kamba kama dakika kumi linanusa tu, likatafuta sehemu kitambaa kimedondoka, likapita hapo. Hapo kwenye kitambaa kimoja. Nikasema huyu angekuwa mtu angekuwa mwenyekiti wa kijiji.

Jumuiya yetu ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ni vijiji 21, tumetenga ardhi yetu wanyama wapite na kuna kambi za wageni humo, kwa hiyo mkilala upande wetu kuna kitu kinabaki huku. Hilo ndo kura yangu kwa Tungamalenga. Kanunueni na vitunguu na nyanya hapo Idodi, msibebe kila kitu kutoka Iringa.

Na MtuWaUyole nikuulize kwa upole, mama analima mpunga Ubaruku si ndio? Akifika mtoni mwangalie uso wake. Huu mto Ruaha unatoka kwenu bonde la Usangu, na tangu 1993 kila kiangazi unakatika, yanabaki madimbwi. Simlaumu, na sisi Idodi tunalima mpunga wa kumwagilia hivyohivyo. Ila angalia tu.

MtuWaUyole

Kaka hilo neno limeniingia. Sikuwahi kuunganisha kabisa. Kule kwetu maneno ya hifadhi ni mipaka tu tangu Usangu ilipoingizwa Ruaha mwaka 2008, ukitaja Ruaha kilabuni mtu anasimama na glasi. Mto tunauona unapotoka, hatuuoni unapoishia.

Nimeamua hivi: usiku wa kwanza Tungamalenga, usiku wa pili Msembe ndani. Nitaleta mrejesho, siyo kama wale wanaoomba ushauri wakipata wanapotea.

Kichuguu

mrejesho na picha mkuu

MtuWaUyole (wiki sita baadaye)

Wakuu nimerudi. Tulienda wiki ya kwanza ya Septemba. Samahani kuchelewa, mtihani wa moko ulinikaba.

Gari tulikodi Iringa, dereva mzuri anajua kazi, ila mwenye gari siku ya kuondoka akaongeza bei asubuhi tumeshapakia mpaka mtungi wa gesi, nikabishana nikachoka nikalipa. Andikishianeni kwanza, msifanye kama mimi. Simtaji.

Tungamalenga tulilala salama, kuku alikuwa mgumu, watoto walifurahi. Asubuhi saa 12 na dakika chache tuko getini, tumevuka daraja la Ibuguziwa, na hapo dereva akapunguza mwendo ili tuone mto. Nilimwangalia mama kama MwanaIdodi alivyoniambia. Mchanga mweupe mpana, katikati dimbwi moja refu la kijani, viboko wamebanana humo kama abiria wa daladala la Mwanjelwa, migongo tu, na mamba pembeni wamejianika mdomo wazi. Mama akauliza, mto uko wapi? Dereva akasema ndio huu mama. Akanyamaza. Baadaye sana, tumeshapita hata punda milia na twiga, ananigusa bega ananiuliza kwa sauti ndogo, mfereji wetu wa juu wanafunga mwezi wa ngapi? Nikamwambia sijui mama. Akasema mimi najua, haufungwi.

Basi tukaendelea.

Asubuhi hiyo tuliona twiga mpaka watoto wakaacha kuwaonyeshea kidole, digidigi wawili wawili, tandala dume mmoja pembe zake zimejisokota amesimama nyuma ya kichaka anajua hatumuoni kumbe tunamuona, ngiri na watoto mkia juu. Simba tulionyeshwa na gari lingine, wamelala chini ya mbuyu kama tisa hivi, matumbo yamejaa, mmoja alifungua jicho akaona ni sisi akafunga. Watoto wakauliza wamekufa? Wa miaka 4 akalala naye. Kwa hiyo kama mnaenda kwa ajili ya kuona simba wanakimbiza kitu mjue mnaweza kuona tisa wamelala na ndo basi.

Saa 10 jioni ndo ikaja ile tuliyoendea. Dereva akasimamisha gari kwenye ukingo wa mto Mwagusi, ambao Septemba ni mchanga mtupu hakuna hata tone, akazima injini akasema sasa tunakaa. Dakika ishirini hakuna kitu, mke wangu ananiangalia kwa jicho la ile hela. Halafu wakatoka ng'ambo, bila sauti yoyote, hilo ndo halikuniingia akilini, mnyama wa tani kadhaa anatembea kama amevaa soksi. Walikuwa kumi na moja. Mbele jike kubwa pembe moja imekatika ncha. Likafika katikati ya mchanga, likanusa, likaanza kupiga teke mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu kama mtu anayepembua, likachimba mpaka shimo likawa refu kama mkonga wake. Likaingiza mkonga, likavuta, likamwaga pembeni. Dereva akanong'ona, hayo machafu, anamwaga ya kwanza. Likasubiri. Kweli lilisimama tu kama linasubiri chai ipoe, halafu likavuta tena na safari hii likapeleka mdomoni. Wengine wamepanga foleni nyuma yake, hakuna wa kusukuma. Kuna katoto kadogo mkonga hakajui kuutumia bado, kakapiga magoti kabisa pale kwenye shimo kichwa chini kakanywa kwa mdomo, kakadondoka ndani, makalio juu. Mtoto wangu akacheka kwa sauti, lile jike likageuka, masikio yakatanuka. Wote kimya. Mama yangu ndiye aliyemziba mjukuu mdomo, mkono wake umetulia kabisa. Jike likatuangalia, likarudisha masikio, likaendelea kunywa.

Tulikaa saa nzima na nusu. Mama hakusema hata neno moja, na nyie mama yangu hamumjui. Walipoondoka akasema, kumbe na wao wanachimba kisima.

Usiku Msembe ilikuwa kama dereva alivyosema, kwaru kwaru dirishani, mke wangu akanishika mkono jambo ambalo halijatokea tangu 2016. Asubuhi nyayo za kiboko zimepita kati ya banda letu na gari. Jiko lina moshi, bebeni kiberiti na sufuria ya ziada, mito ya kulalia ya pale ni mizito. Joto mchana ni kali kwa sisi watu wa Mbeya ila asubuhi kwenye gari wazi ni baridi, nilikuwa nimewakatalia masweta ikabidi niwaombe radhi.

Chui hatukuona, mbwa mwitu hatukuona, palahala hatukuona. Nyani tuliwaona na mkate umebaki.

DerevaWaVumbi

Umeandika vizuri mpaka nimejisikia kama nilikuwepo. Huyo jike wa pembe iliyokatika ncha namjua, au basi namjua wa kufanana naye. Mbwa mwitu mwezi wa sita mpaka wa nane wanakuwa na watoto kwenye mashimo hawaendi mbali, ukitaka hao njoo kipindi hicho na uwe na bahati.

MwanaIdodi

Ahsante kwa mrejesho kaka. Mwambie mama shikamoo. Mwambie na mimi mfereji wangu nimeufunga juzi, mpunga umeshatoka muda. Akija tena ashuke Idodi, kichanja changu kina nafasi ya kukaa wawili, kelele anaruhusiwa.

MtuWaUyole

Nimemsomea. Anasema marahaba, na anauliza mnatumia pilipili kichaa au ile ya mbuzi.